Je, Baraza la Chuo linaweza kubadili alama zilizokwisha kupitishwa na Seneti?

Mstaafu wa Raskazoni (Tanga) ameuliza:

Wanajukwaa, wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za kazi. Nina jambo ambalo limeninyima raha tangu Ijumaa iliyopita, nami ningependa kujibiwa na watu waliowahi kukaa katika vikao vya vyuo vikuu au kuvitumikia, maana kila ninayemuuliza hapa mtaani hunijibu kwa kuangalia nani atakasirika.

Nilifanya kazi ya uhasibu bandarini kwa miaka 31 hadi nilipostaafu. Mwaka jana wenye chuo kimoja cha binafsi, ambacho sitakitaja, waliniomba niwe mjumbe wa Baraza la Chuo kwa maelezo kwamba wanahitaji mtu wa nje anayejua hesabu. Nilikubali bila kuuliza mengi, kwa kuwa nilidhani Baraza ni kitu kama kamati ya shule ya msingi: mnasomewa taarifa, mnatia saini ya posho, mnaondoka. Ijumaa ilikuwa kikao changu cha pili. Kabrasha nililikabidhiwa mlangoni asubuhi ileile, kurasa 212, huku chai na vitumbua vikiwa mezani, kwa hiyo nililifungua kwa mkono mmoja.

Kabla hatujaingia kwenye yatokanayo, mjumbe mmoja aliomba ajenda ya mengineyo iletwe mbele kwa sababu ana safari. Alipopewa nafasi alieleza habari za mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyepata alama 34 katika kozi moja ambayo ufaulu wake ni 40, akarudia mtihani, akapata 36. Baba wa kijana huyo ndiye aliyetoa saruji ya bweni jipya. Mjumbe akapendekeza kwamba Baraza liielekeze Seneti, yaani kile kikao cha wanataaluma wa chuo, iyatazame upya matokeo hayo “kwa jicho la ubinadamu” kabla ya mahafali. Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mtendaji mkuu, alijaribu kusema kwamba Seneti imekwisha kuyapitisha, lakini Mwenyekiti akamjibu kuwa Baraza ndilo chombo cha juu kabisa cha chuo, na cha juu hakiwezi kufungwa na cha chini. Tulibishana kwa saa moja na nusu bila kufikia uamuzi, tukakubaliana jambo lirudi katika kikao kijacho.

Taarifa ya fedha ilisomwa wakati watu wameanza kutazama saa kwa ajili ya sala ya Ijumaa, ikapitishwa kwa dakika kama nne. Katika ukurasa wa 187 niliona mstari mmoja unaosema kwamba michango ya wafanyakazi ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ya miezi saba “iko katika mchakato wa kuwasilishwa”. Nilitaka kuuliza, lakini adhana ilikuwa imekwisha kuanza.

Swali langu ni hili: Mwenyekiti amesema kweli? Kama Baraza ni la juu, linaweza kubadili alama? Na kama haliwezi, ujuu wake ni wa kitu gani?

---

Msajili Mstaafu (Muheza) amejibu:

Marahaba, na pole kwa kikao. Nimekuwa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka mingi, nikiandika mihutasari ya Seneti na ya Baraza, kwa hiyo naomba univumilie nikieleza kwa urefu.

Mwenyekiti wako amesema neno la kweli akalitumia mahali pasipo pake. Baraza ni chombo cha juu cha chuo, hilo halina ubishi, lakini mamlaka yake yanatoka katika Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 na katika Hati Idhini ya chuo chenyewe, yaani waraka unaokipa chuo mamlaka yake, na nyaraka hizohizo ndizo zinazoipa Seneti kazi ya taaluma: kudahili, kufundisha, kutahini, na kuamua nani amestahili shahada. Baraza limekabidhiwa mali, fedha, ajira, mipango na jina la chuo. Omba Hati Idhini yenu kwa Katibu wa Baraza, usome kifungu cha Seneti kabla ya kusoma kingine chochote. Nimewahi kukutana na wajumbe waliomaliza muhula mzima bila kuiona.

Tazama alama ile ilikopita. Mhadhiri amesahihisha, idara imekaa, mtahini wa nje ambaye si mwajiriwa wa chuo chenu amepitia sampuli ya makaratasi, kitivo kimekaa, kisha Seneti ndiyo imeidhinisha. Kijana kama ana malalamiko, mlango wake ni rufaa: anaandika kwa Msajili katika muda uliowekwa na kanuni za mitihani, analipa ada, na karatasi yake inasahihishwa upya na mtu mwingine. Mlango huo upo wazi kwake kama ulivyo kwa mtoto wa muuza samaki wa Deep Sea. Baraza likiandika muhtasari unaoelekeza alama 36 iwe 40, kila cheti kilichowahi kutolewa na chuo hicho kinaingia shaka, pamoja na vyeti vya waliofaulu kwa jasho lao, na siku wakaguzi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania watakapoomba mihutasari, waraka huo utakuwa ndani ya faili ukiwasubiri.

Hilo la mengineyo kuletwa mbele nalo si dogo. Jambo ambalo halina waraka, halikupita kwenye kamati yoyote, na linamhusu mtu mmoja anayejulikana kwa jina, halina nafasi katika mengineyo. Ungeweza kusimama na kuomba mwongozo wa Mwenyekiti juu ya hilo peke yake, tena kwa adabu kabisa. Vilevile ungeuliza kama kuna mjumbe mwenye mgongano wa maslahi, maana saruji ile kuna mtu aliyekwenda kuiomba, na si ajabu aliyekwenda kuiomba ndiye aliyeleta hoja.

Sasa nirudi kwenye kile ulichokiandika mwishoni kana kwamba ni cha pembeni. Mzee mwenzangu, kazi yako ilikuwa ukurasa wa 187. Baraza lilitumia saa moja na nusu kufanya kazi ya Seneti na dakika nne kufanya ya kwake. Michango ya NSSF nusu inatoka kwa mwajiri na nusu inakatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi mwenyewe, kwa hiyo chuo kisipoipeleka kinakuwa kimekaa na fedha za watu, na adhabu ya kuchelewesha inazidi kukua mwezi hadi mwezi. Mtunza bustani wa chuo akistaafu kesho, au mhadhiri akifariki na mjane wake akaenda kufuatilia mafao, pengo la miezi saba ndilo litakalosomeka kwenye taarifa yake. “Iko katika mchakato” ni maneno ya afisa fedha ambaye hajaulizwa. Hapo ndipo ujuu wa Baraza ulipo: hakuna chombo kingine ndani ya chuo chenye haki ya kumwambia Makamu Mkuu alete jedwali la miezi hiyo na tarehe ya kulipa.

---

Mhadhiri, mzaliwa wa Pangani, amejibu:

Nakubaliana na Mzee Msajili kuhusu alama, lakini nadhani amekuwa mpole mno kwa Mabaraza, na ameacha ieleweke kwamba mgogoro huu hauna historia.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kikuu kamili Julai 1970, Rais Nyerere alikuwa ndiye Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wa kwanza, Mzee Pius Msekwa, alitoka moja kwa moja kwenye ukatibu mtendaji wa TANU, chama tawala cha wakati huo. Simlaumu mtu, kwani nchi ilikuwa haijatimiza miaka tisa ya uhuru na chuo kilikuwa kinajengwa kwa kodi ya wakulima wa mkonge na pamba, lakini mwaka mmoja tu baadaye ugomvi ukazuka. Julai 1971 Symonds Akivaga, kijana wa Kikenya aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi, aliondolewa chuoni baada ya barua ya wazi iliyoulaumu uongozi, wenzake wakasusia masomo, na kiini cha ugomvi kilikuwa hichihichi tunachokijadili: nani ana haki ya kukaa mezani pale maamuzi yanapofanywa. Wanataaluma nao walilipeleka mbele suala hilo, na mwaka 1990 likatoka Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma. Wajumbe wa Mabaraza wangelisoma kabla ya kupewa kabrasha la kwanza, tusingekuwa tunajadili alama 36.

Kwa vyuo vya umma hata leo, Mkuu wa Chuo na Mwenyekiti wa Baraza huteuliwa na Rais, na jina la Makamu Mkuu mpya tunalisikia kwenye taarifa ya Ikulu. Majirani zetu Wakenya walikwenda mbali zaidi, kwani Rais Moi alikuwa Mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma kwa wakati mmoja, hadi Rais Kibaki alipoiacha nafasi hiyo mwaka 2003 na kuteua watu wengine. Kwa vyuo vya binafsi kama hicho cha Mstaafu, badala ya Ikulu kuna mwenye chuo na wadhamini wake, na mfadhili wa saruji anaingia kupitia mlango huo. Hofu yangu ni kwamba mjumbe wa nje akiisha kujifunza kwamba anaweza kuuliza, kesho atauliza kwa nini mhadhiri fulani ameandika makala fulani gazetini.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walilipigia kura jambo hili. Mwaka 2006 Makamu Mkuu wao, John Hood, alitaka Baraza lenye watu wa nje wengi kuliko wa ndani, na mkutano mkuu wa wanataaluma ukalikataa pendekezo lake. Sidai kwamba Tanga ni Oxford, nasema tu kwamba hata pale penye karne nyingi za mazoea, wanataaluma hawakukubali kwamba mtu wa fedha ndiye anayejua chuo kinataka nini.

---

Mkazi wa Dunda (Bagamoyo) amejibu:

Mhadhiri, nimekusoma kwa heshima, lakini nina neno.

Hapa Bagamoyo tuna taasisi mbili za serikali ambazo watu wa mjini huzichanganya na vyuo vikuu: ADEM, inayofundisha uongozi wa elimu, na TaSUBa, ambayo wazee bado wanaiita Chuo cha Sanaa. Zote mbili ni wakala wa serikali. Katika wakala kuna Mtendaji Mkuu, kuna bodi inayoshauri, na kuna Wizara ambayo Mtendaji Mkuu anajibu kwake. Mambo yakiharibika, unajua barua iende meza ipi. Nilifanya kazi katika wakala, si hizi nilizozitaja, kisha nikahamia chuo kikuu kimoja katika ofisi ya mipango, na kwa miaka miwili ya mwanzo sikuelewa nani ananiongoza. Kila jambo lilikuwa na kamati, kila kamati ilikuwa na kamati ya juu yake, na Mkuu wa Chuo niliyemwona kwenye picha ukumbini sikumwona kwa macho hadi siku ya mahafali, alipokuja kutunuku shahada akiwa amevaa joho lenye taraza za dhahabu. Baadaye nikaelewa kwamba ndivyo inavyotakiwa. Mzee Kikwete, jirani yetu wa Msoga, ni Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2016, na hakuna anayetarajia kwamba atatia saini hundi ya kununua wino.

Lakini wewe, Mhadhiri, umewazungumzia wanataaluma na Seneti yao kana kwamba ni kisima cha haki. Katika chuo nilichokuwa, darasa zima la wanafunzi zaidi ya 60 walikaa miezi saba bila matokeo ya muhula kwa sababu mwalimu mmoja aliondoka kwenda masomoni na makaratasi yao yakabaki kwenye kabati lililofungwa. Ufunguo alikuwa nao yeye. Wanafunzi walilalamika kwa mkuu wa idara, kwa amidi (mkuu wa kitivo), kwa serikali yao ya wanafunzi, na mjumbe mmoja wa Baraza alipouliza, aliambiwa kwa sauti ya kumkata kwamba hayo ni mambo ya taaluma na hayamhusu. Wako waliokosa mkopo wa muhula uliofuata kwa kuwa Bodi ya Mikopo haikupelekewa matokeo yao. Sasa niambie, lile kabati lilikuwa taaluma?

Kwa hiyo mimi ningemshauri Mstaafu asiogope Seneti kupita kiasi. Alama asiiguse. Lakini ana haki ya kuomba jedwali linaloonyesha mitihani ilifanyika lini na matokeo yalitoka lini, kozi kwa kozi, na rufaa ngapi zilipokelewa na zilichukua siku ngapi. Namba hizo hazimtaji mwanafunzi yeyote, wala haziingilii kalamu ya mhadhiri.

Jambo jingine, la haraka. Nasikia watu wa Tanga wanadhani kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe ya kule Mkinga inapaswa kuwa na Baraza lake na kwamba wazee wa mkoa watagawana viti. Kampasi haiwi na Baraza lake. Inaongozwa na Baraza na Seneti ya chuo mama, Morogoro, na pale Mkinga kazi ya mkuu wa kampasi ni kutekeleza.

---

Mhadhiri, mzaliwa wa Pangani, amejibu:

La kabati nalikubali, na nimecheka kwa uchungu maana kabati la namna hiyo ninalijua. Jedwali la tarehe halinitishi. Ninachokikataa ni mjumbe kuomba majina na karatasi za mtihani. Mstaafu akilinda mpaka huo, mimi sina ugomvi naye, na kuhusu NSSF namwombea afya njema, kwa sababu mshahara wangu mwenyewe umewahi kukatwa mchango ambao sikuuona kwenye taarifa ya mfuko hadi mwaka uliofuata.

---

Mstaafu wa Raskazoni (Tanga) amejibu:

Nawashukuru wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nifanye mlichoniambia, nisije nikawa mtu wa kuuliza tu.

Hati Idhini niliipata siku ya tatu, ikiwa nakala iliyofifia kwa kurudufishwa mara nyingi. Kifungu cha Seneti kiko kama alivyosema Mzee Msajili, tena kwa maneno makali kuliko nilivyotarajia. Nilimwandikia Katibu wa Baraza barua ya ukurasa mmoja yenye maombi matatu: kabrasha litufikie siku kumi kabla ya kikao, suala la yule kijana liondolewe kwenye ajenda na aelekezwe kwenye rufaa, na michango ya NSSF iwe ajenda inayojitegemea badala ya kuwa mstari ndani ya taarifa ya fedha. Sikuandika neno lolote la kumlaumu mtu. Nakala nilimpelekea Mwenyekiti nyumbani kwake kwa mkono wangu, kwa kuwa tumesali msikiti mmoja kwa miaka mingi na sikutaka aisikie kwa mwingine.

Alinikaribisha kahawa, akaisoma mara mbili, akaniuliza kama nimetumwa na Makamu Mkuu. Nilimwambia nimetumwa na ukurasa wa 187. Hakucheka, lakini juzi Katibu amenijibu: ombi la kwanza na la tatu yamekubaliwa, na la pili Mwenyekiti amesema atalitolea mwongozo kikaoni. Nimesikia pia kwamba kijana mwenyewe hakuwahi kuandika rufaa, na kwamba hakujua hata kama ipo, jambo ambalo limenisikitisha kuliko saruji.

Nimebaki na swali moja la kitaalamu. Afisa fedha anasema ataleta mezani jumla ya deni la NSSF, tarakimu moja. Nikubali hiyo jumla, au nidai miezi mmoja mmoja?

---

Msajili Mstaafu (Muheza) amejibu:

Dai mwezi mmoja mmoja, pamoja na idadi ya wafanyakazi waliokatwa katika kila mwezi na stakabadhi ya kila malipo yaliyofanyika. Ukipewa jumla peke yake, hutaona mwezi uliorukwa katikati, wala mfanyakazi aliyekatwa mshahara na jina lake halimo kwenye orodha iliyopelekwa. Kuhusu mwongozo atakaoutoa Mwenyekiti, uwe na nakala ya kifungu cha Seneti mkononi, na kanuni za rufaa nazo mpelekee Katibu mapema azibandike kwenye ubao wa matangazo, wanafunzi wazione kabla matokeo ya muhula huu hayajatoka.